Springi, Mtambo na Miguu: Historia Fupi ya Istilahi za Sehemu ya Mbele ya Gari la Njia Mbaya

1. Utangulizi

Katika kazi ya kukuza istilahi yako maneno ambayo mtafsiri huyapita upesi kwa kudhani kuwa ni mepesi, kisha hulazimika kuyarudia akiwa hana kisawe. Mojawapo ni jina ambalo Waingereza wamelipa jumla ya vyuma na mipira inayounganisha magurudumu ya gari na mwili wake, yaani springi, shokomzoba, mikono, bushi na viungo vyake vyote. Katika tafsiri mbalimbali nimelikuta jina hilo likiandikwa "kusimamishwa", "mning'inio", "mfumo wa springi", na mara moja "uahirisho". La kwanza twalijua sote: hutumika kwa mtumishi aliyezuiwa kazi wakati mashtaka yake yakichunguzwa. La mwisho ni la mkutano usiofanyika siku yake. Gari halihusiki na lolote katika hayo mawili.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi dhana hiyo ilivyozaliwa, jinsi ilivyofika nchini mwetu pamoja na magari ya njia mbaya, na jinsi mafundi wetu walivyoipa majina bila kuombwa na mtu. Mfano wangu mkuu unatoka Kitura, katika Wilaya ya Mbinga, mahali ambapo kuunda upya sehemu ya mbele ya gari si mchezo wa matajiri bali ni sharti la kufika uendako. Hoja yangu ni kwamba kabla ya kubuni neno hatuna budi kujua kwanza kitu chenyewe kinafanya kazi gani, na pili mwenye kukishika kila siku anakiitaje. Tukikosa la kwanza twaandika uongo. Tukikosa la pili twaandika maneno yasiyosomwa na mtu.

2. Asili ya dhana

Jina la Kiingereza tunalolizungumzia lina asili ya Kilatini, na maana yake ni kutundika au kuning'iniza. Msomaji atajiuliza ni kitu gani kinachoning'inia katika gari. Leo hakuna. Lakini katika Ulaya, kabla ya karne ya 19, mwili wa gari la farasi la kubebea wakubwa ulitundikwa kwa mikanda minene ya ngozi iliyofungwa kwenye nguzo nne, ili abiria wasipigwe na kila jiwe la njiani. Mwili uling'inia kweli kweli. Mwaka 1804 Obadiah Elliott, mtengeneza magari wa London, alipata hataza ya kuweka mwili huo juu ya springi za vyuma vilivyopinda, akaondoa mikanda na nguzo. Kitu kikabadilika, jina likabaki. Waarabu na Wafaransa nao wana majina yenye maana ya kutundika, na kwa hiyo wote huihifadhi mikanda ile ya ngozi katika lugha zao hata kama hakuna anayeikumbuka.

Wajerumani walifuata njia nyingine. Wao hutumia jina linalotokana na Feder, neno ambalo maana yake ya kwanza ni unyoya. Waliangalia wepesi wa chuma kinachopinda na kurudi, si jinsi mwili ulivyofungwa. Hapa pana funzo kwa mtafsiri: lugha mbili jirani, zenye magari ya aina moja, zimekipa kitu kimoja majina yenye fikra tofauti kabisa. Basi anayefasiri jina la Kiingereza kwa kulifuata neno kwa neno na kuandika "mning'inio", hafasiri gari. Anafasiri historia ya magari ya farasi ya Ulaya, ambayo sisi hatukuipitia. Sehemu kubwa ya nchi yetu ya kusini ilikuwa na mbung'o, na farasi hakuweza kuishi humo. Mizigo ilikwenda kichwani na mabegani mwa watu. Kati ya mpagazi na lori hatukupata karne mbili za gari la farasi. Tulipata miaka michache tu.

3. Mtambo, kamani na springi

Isidhaniwe kwamba Kiswahili kilikuwa kimya kuhusu chuma kinachopinda na kurudi. Kamusi za zamani zinalo neno mtambo, nalo lilikuwa na maana ya kifyatuo cha bunduki, cha mtego, na kitu chochote kinachofanya kazi kwa nguvu ya kufyatuka. Hilo ndilo lililokuwa neno letu la karibu zaidi. Lakini mashine zilipozidi kuingia nchini, neno hili lilipanda cheo. Likatumika kwa mashine nzima, kisha kwa kiwanda cha kuzalishia umeme na kwa vyombo vya kurushia matangazo. Leo mtu akisema mtambo umeharibika, hakuna atakayetazama springi. Neno lililopanda cheo haliwezi kurudishwa kazi yake ya zamani kwa amri.

Neno la pili ni kamani. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni upinde. Katika Kihindi neno la ukoo huo hutumika kwa springi ya aina yoyote, ikiwa pamoja na ile ya gari, ambayo kwa hakika hufanana na upinde. Katika Kiswahili kamani iliingia ndani ya saa ikabaki humo. Twaijua kama utepe wa chuma unaokazwa kwa ufunguo. Ingewezekana kabisa kwamba mafundi wa Kihindi waliofungua karakana katika miji ya Afrika Mashariki wangeitoa kamani ndani ya saa na kuiweka chini ya lori, kama neno gari lenyewe lilivyotoka katika Kihindi likakaa. Haikutokea hivyo. Fundi na mwanafunzi wake walisoma majina ya vipuri katika masanduku na vitabu vya Kiingereza, na springi ikashinda.

Tazama basi sehemu ya mbele ya gari moja ilivyo mkutano wa lugha. Gari ni Kihindi. Usukani ni Kiarabu, nalo lilikuwa la jahazi kabla ya kuwa la motokaa. Breki, ekseli, bushi, beringi na springi ni Kiingereza kilichotoholewa. Mkono na jicho la springi ni maneno ya Kibantu yaliyoazimwa kutoka katika mwili wa binadamu. Hakuna kamati iliyokaa kuyagawa hivyo. Kila neno lilikuja pamoja na mtu aliyekileta kitu, au lilitoka kwa mtu aliyekitazama akaona kinafanana na nini.

4. Gari latafuta njia

Gari la kwanza kuundwa mahususi kwa ajili ya njia mbaya za nchi hii lilikuwa la ofisa wa Kijerumani, Paul Graetz. Liliundwa Gaggenau, Ujerumani, likiwa limeinuliwa juu sana kutoka ardhini kuliko magari ya kawaida ya wakati ule. Aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 na kufika Swakopmund, katika pwani ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Safari ambayo leo ingehesabiwa kwa siku ilichukua karibu miezi 21. Sehemu kubwa ya muda huo gari lilisimama likingoja vipuri, au lilivutwa na kusukumwa na watu. Njia yake haikupita Umatengo, lakini ilionyesha jambo ambalo lingejirudia kila mahali: gari lililobuniwa kwa barabara za Ulaya halina budi kuundwa upya likifika kwetu.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta magari mengi zaidi, lakini kwa gharama ya watu. Majeshi ya Waingereza yaliyotoka upande wa Nyasaland na Rhodesia yaliingia Songea mwezi Septemba 1916. Magari yalitumika palipokuwa na njia, na palipokosekana njia wapagazi walibeba. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo katika Afrika Mashariki nzima. Yafaa tulikumbuke hilo tunapozungumzia springi. Kazi ya kubeba uzito juu ya ardhi mbaya ilifanywa kwanza na miguu ya watu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili lilikuja gari lililobadilisha mambo vijijini. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Ilikuwa na ekseli nzima isiyokatika mbele na nyuma, kila moja ikikalia springi mbili za mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Wananchi waliliita Landrova, na jina hilo likawa la kila gari la namna hiyo. Kwa miaka mingi ndilo lililokuwa gari la serikali, la misheni, la hospitali na la vyama vya ushirika.

Kwa upande wa mashindano, mbio za magari zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwafundisha wenye viwanda vya Ulaya na Japani kwamba springi zao ni laini mno kwa barabara zetu. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda mbio hizo mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Magari ya mashindano yalikazwa springi na kuwekewa shokomzoba imara zaidi, na maarifa hayo yalishuka kutoka kwa mafundi wa mashindano hadi kwa mafundi wa mitaani. Hatimaye, katika miaka ya 1980, wahandisi wetu wenyewe huko Nyumbu, Kibaha, waliunda lori lililopewa jina hilo la Nyumbu, na kuthibitisha kwamba kubuni gari la njia mbaya si kazi ya wageni peke yao.

5. Springi mbili, kazi mbili

Hapa sina budi kueleza jambo la ufundi, kwa maana kosa la tafsiri nitakalolisimulia linatokana nalo.

Springi ya mabapa hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwanza hubeba uzito. Pili huishika ekseli mahali pake, isiende mbele wala nyuma wala kando, kwa kuwa imefungwa kwenye chasisi kwa ncha zake mbili na kwenye ekseli kwa katikati yake. Springi ya koili, yaani ile iliyozungushwa kama nyoka aliyejikunja, hufanya kazi ya kwanza tu. Hubeba uzito kwa ulaini zaidi, lakini haiwezi kuishika ekseli. Kwa hiyo gari lenye koili huhitaji mikono miwili inayotoka kwenye ekseli kwenda nyuma hadi kwenye chasisi, na fimbo moja inayokwenda kando ili kuizuia ekseli isihame kulia au kushoto. Range Rover ya mwaka 1970 ilikuja na mpango huo, na Land Rover ya mwaka 1983 ikaufuata. Toyota Land Cruiser nzito zilipata koili mbele mwaka 1999.

Kwa lugha, maana yake ni hii. Wakati wa mabapa, neno springi lilitosha kwa kazi zote mbili. Ilipofika koili, kazi ziligawanyika, na neno moja halikutosha tena. Mtafsiri aliyeendelea kuandika springi kwa kila kitu hakuwa amekosea sarufi, ila alikuwa amechelewa kwa teknolojia ya kizazi kizima.

6. Umatengo na karakana ya Kitura

Wilaya ya Mbinga iko katika nyanda za juu za Umatengo, na vilele vyake hufika karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa, chini yake upande wa magharibi, liko kwenye mita 475 hivi. Pwani ya ziwa hilo, yenye Mbamba Bay na Liuli, ilikuwa sehemu ya Mbinga hadi ilipotengwa na kuwa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012. Mteremko kati ya mlima na ziwa ni mkali, na udongo mwekundu ukinyeshewa huteleza kama sabuni. Wamatengo wameutawala mteremko huo kwa kilimo cha ngoro, yaani mashimo ya kuhifadhi maji na udongo, na kwa kahawa. Kahawa lakini haiwezi kukaa mlimani. Ni lazima ishuke au itoke kwenda Songea, na kwa miongo mingi ilitoka juu ya springi za mabapa.

Lami ilitoka Makambako kufika Songea katika miaka ya 1980, ikafika Mbinga katika miaka ya 2010, na ikashuka hadi Mbamba Bay mwanzoni mwa miaka ya 2020. Hata hivyo barabara nyingi za kuingia vijijini bado ni za udongo, na huko ndiko karakana za miguu ya gari zinakopata riziki yao.

Nilikwenda Kitura kukusanya maneno. Nilimkuta fundi mmoja mzee, aliyejifunza kazi katika karakana ya misheni, akiwa na vijana wawili chini ya Landrova ya koili. Baada ya shikamoo na habari za safari, aliniambia: "Mwanangu, umekuja siku njema. Leo tunarekebisha miguu ya mbele, na kosa ni la karatasi."

Karatasi ile ilikuwa maelekezo yaliyofasiriwa, yaliyokuja pamoja na koili ndefu za kuinulia gari. Ilikuwa na kichwa kilichosema "Kusimamishwa kwa Mbele", na ndani yake ulikuwa umeandikwa mstari huu: baada ya kuinua gari, hakikisha "pembe ya kutupa" imerudishwa. Vijana walisoma, wakajadiliana ni kitu gani kinachotupwa, wasione. Wakafunga koili, wakaruka mstari ule. Gari likashuka kuelekea ziwani likiwa na magunia, na usukani ukawa hautulii. Lilivutika kushoto na kulia bila kuelekezwa, na dereva alilisimamisha kwa shida ukingoni mwa barabara. Hakuna aliyeumia.

Jambo lililoitwa "pembe ya kutupa" ni hili. Kingipini, yaani mhimili ambao gurudumu la mbele huzungukia linapokata kona, hausimami wima. Kichwa chake hulala nyuma kidogo, katika Landrova kwa nyuzi 3. Msomaji aliyepanda baiskeli analijua hili hata kama hajui kwamba analijua, kwa kuwa uma wa mbele wa baiskeli umelala vivyo hivyo, na ndiyo sababu mtu mzoefu huweza kuachia usukani na baiskeli ikaenda sawa. Mlalo ule ndio unaolirudisha gurudumu katikati.

Sasa, mikono ya gari la koili imefungwa imara kwenye ekseli kwa mbele, na kwa nyuma imekaa kwenye chasisi kwa bushi. Mwili ukiinuliwa, ncha ya nyuma ya mkono hupanda pamoja na chasisi, na ekseli nzima hugeuka, kichwa cha kingipini kikisogea mbele. Hesabu yake si ngumu. Mkono ukiwa na urefu wa sentimita 90, na mwili ukiinuliwa sentimita 5, ekseli hugeuka zaidi kidogo ya nyuzi 3. Yaani mlalo wote unakwisha. Dawa yake ni kuweka bushi ambazo tundu lake haliko katikati, au mikono iliyopindwa kurudisha mlalo. Hayo yote yalikuwamo katika mstari ule mmoja ulioharibiwa. Mtafsiri alifungua kamusi, akaona kitenzi cha kutupa kinafanana na neno lililokuwa mbele yake, akakiandika. Kumbe neno la Kiingereza katika mahali hapa linahusu vijigurudumu vya chini ya viti na meza, vinavyofuata nyuma ya mhimili wake kila unapovisukuma.

Nilimuuliza mzee yeye angeuandikaje mstari ule. Alijibu bila kusita: "Ningesema, ukishaliinua, irudishe kingipini ilale nyuma kama mwanzo." Vijana wote wawili walicheka, kwa sababu walielewa.

7. Maneno ya karakana yapimwe

Si kusudi langu kusema kwamba kila neno la karakana ni sahihi. Nayo yana kasoro zake, na mojawapo niliishuhudia palepale. Mzee aliagiza "springi tano" kwa ajili ya Landrova nyingine ya zamani iliyokuwa uani. Alikuwa na maana ya mabapa matano ya springi moja. Mtunza ghala wa idara yoyote ya serikali akisoma hati yenye maneno hayo ataleta springi tano kamili, au atairudisha hati kwa kuuliza gari gani lina springi tano. Hapa ndipo msanifishaji anapohitajika.

Kosa hilo lina uzito hata katika ufundi. Ugumu wa bapa hutegemea unene wake mara tatu: bapa lenye unene mara mbili, upana na urefu ukiwa uleule, huwa gumu mara nane. Fundi anayeongeza bapa moja la lori katika springi ya Landrova haongezi kidogo. Anaweza kuifanya springi ngumu kiasi kwamba mshtuko unaopaswa kuishia kwenye springi huenda kuipasua chasisi. Kitabu cha kufundishia kisichotofautisha springi na bapa la springi hakiwezi kueleza hatari hiyo.

Neno bapa tunalo tangu zamani, nalo ni ubavu mpana wa upanga au kisu. Wahunzi wengi wa siku hizi hufua mapanga na visu kutokana na springi za magari zilizovunjika, kwa kuwa chuma chake ni kizuri. Bapa la panga na bapa la springi huwa mara nyingi kipande kimoja cha chuma, na halitakuwa jambo la ajabu vikiitwa kwa jina moja.

Kuhusu shokomzoba, sina budi kukiri kosa langu mwenyewe. Niliwahi kuandika katika orodha yangu "kifyonza mshtuko", nikafurahi kwamba nimeliondoa neno la kigeni. Baadaye nilielewa kwamba springi ndiyo inayopokea mshtuko. Kifaa kile, kwa mafuta yanayosukumwa katika matundu membamba, huizuia springi isiendelee kurukaruka baada ya kuupokea. Wafaransa hukiita kwa jina lenye maana ya kufisha au kutuliza, nao wako karibu zaidi na ukweli. Jina la Kiingereza lina kosa ndani yake, nami nilikuwa nimelifasiri kosa hilo kwa uaminifu mkubwa. Neno shokomzoba, kwa kuwa halina maana nyingine yoyote katika Kiswahili, halimdanganyi mtu. Utohozi usioeleza kitu ni bora kuliko ubunifu unaoeleza uongo.

8. Miguu ya gari

Limebaki jina la jumla, lile tuliloanza nalo. Mzee wa Kitura alisema "miguu ya mbele", na hakulibuni yeye. Nenda Songea, nenda Dar es Salaam, utawasikia mafundi wakisema gari hili injini yake nzima ila miguu imekwisha, na utamkuta fundi wa miguu akiwa mtu tofauti na fundi wa injini. Neno limeenea, lina maana moja, na linaeleza kazi: kubeba mwili, kukanyaga ardhi, na kujikunja pasipo sawa.

Nimesikia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba neno hili halina heshima ya kutosha kuandikwa kitabuni. Hiyo naiona dhaifu. Twaandika kichwa cha treni, mkono wa saa na jicho la sindano, na hakuna aliyelalamika kwamba viungo vya mwili vimedharauliwa. Ya pili ina nguvu zaidi, kwamba msomaji anaweza kudhani miguu ni magurudumu. Nilimweleza mzee pingamizi hiyo. Alifuta mikono kwa tambara, akasema: "Hapana. Tairi ni kiatu."

Napendekeza basi kwa watafsiri na walimu: miguu ya gari kwa jumla ya mfumo, na miguu ya mbele na miguu ya nyuma kwa sehemu zake, springi ya mabapa na bapa la springi, springi ya koili, mkono wa ekseli, fimbo ya kando, mlalo wa kingipini, na shokomzoba ibaki kama ilivyo.

9. Hitimisho

Mwaka 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, mzaliwa wa Songea, alitangaza kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli za serikali, na mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria Namba 27 iliyoliunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Tangu hapo kazi yetu imehesabiwa mara nyingi kwa wingi wa istilahi zilizotolewa. Hesabu hiyo ni ya haki, lakini haitoshi. Istilahi hupimwa pale mtu asiye na kamusi anapoisoma akiwa amelala chini ya gari, mikono ikiwa na grisi, na wenzake wakiingoja safari.

Watafsiri wa vitabu vya ufundi, walimu wa vyuo vya ufundi stadi na maofisa wanaoandika hati za kuagiza vipuri ndio watakaoamua iwapo maneno haya yataishi. Ombi langu kwao ni dogo. Kabla ya kuandika kisawe cha kitu cha karakana, waende karakana iliyo karibu, wamwombe fundi akioneshe kitu hicho kikifanya kazi, kisha wamsikilize anavyomwagiza mwanafunzi wake. Karatasi ile ya Kitura nimeirudi nayo, na mstari wake nimeuandika upya kwa maneno ya mzee. Nakala moja nimeipeleka kwa vijana wale wawili.